Chai ilishuka bei, Boston wakaimwaga baharini: kwa nini?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Shuleni tulifundishwa kwamba Wamarekani waliasi kwa sababu Waingereza waliwatoza kodi nzito. Juzi nimesoma kwamba Sheria ya Chai ya mwaka 1773 haikupandisha kodi, bali iliifanya chai iwe ya bei nafuu kuliko awali. Kama ni hivyo, watu wa Boston walikasirikia nini? Au walikuwa wafanya magendo tu waliokuwa wakilinda mifuko yao, wakaipaka biashara yao rangi ya uhuru?

JIBU: Marahaba. Ulichosoma ni sahihi. Sheria ile haikuongeza ushuru hata peni moja, na lengo lake lilikuwa kuiwezesha chai halali kushindana kwa bei na chai ya magendo iliyotoka kwa Waholanzi. Wafanya magendo nao walikuwepo, wengine matajiri wakubwa. Lakini maelezo ya magendo yanatufikisha bandarini tu. Hayaelezi kwa nini miezi tisa baada ya chai kumwagwa Desemba 1773, wakulima wa ndani ya Massachusetts, koloni lenye mji wa Boston, watu wasio na meli wala ghala, walizifunga mahakama za mfalme kwa maelfu yao. Kwa maoni yangu ugomvi haukuwa juu ya uzito wa kodi. Ulikuwa juu ya nani ana haki ya kuitoza na, zaidi ya hapo, fedha zake zinamlipa nani mshahara. Hilo la mishahara hurukwa sana shuleni, na bila hilo kisa cha chai hakieleweki.

Turudi kwanza mwaka 1763. Uingereza ilikuwa imeishinda Ufaransa katika Vita vya Miaka Saba na kuitwaa Kanada, lakini ushindi ule uliiachia deni la kutisha. Kabla ya vita taifa lilikuwa likidaiwa pauni milioni 75 hivi. Vita vilipokwisha deni lilikuwa limepita milioni 130. Juu ya hapo serikali iliamua kubakiza askari wapatao 10,000 Marekani. Wenyeji asilia wa maeneo ya Maziwa Makuu ya huko, akiwemo Pontiac, kiongozi wa Waodawa, walikuwa wameinuka kupinga utawala mpya, na London ikajibu kwa Tamko la Kifalme la Oktoba 1763 lililowakataza walowezi kuvuka milima ya Appalachia. Walowezi wengi, pamoja na wakubwa waliokuwa wakilangua ardhi, George Washington akiwa mmoja wao, waliliona tamko hilo kama kufungiwa mlango.

Sasa tusiwaonee Waingereza. Mwananchi wa kawaida wa Uingereza alikuwa amelemewa na kodi kuliko mwenzake wa Marekani, na kodi mpya ya sida, ile pombe ya tufaha, ilikuwa imezua fujo magharibi mwa Uingereza mwaka huo huo wa 1763. Waziri Mkuu George Grenville alijiuliza swali la mhasibu: askari wako Marekani, wanailinda Marekani, kwa nini Wamarekani wasichangie? Swali lenyewe halikuwa la kipuuzi. Njia aliyoichagua ndiyo iliyozaa balaa.

Tazama sheria yake ya kwanza, maana inafanana sana na hii ya chai unayoiuliza. Tangu 1733 molasi kutoka visiwa vya Wafaransa vya Karibi ilitozwa ushuru wa peni 6 kwa galoni. Karibu hakuna aliyeulipa. Wenye viwanda vya ramu wa Boston na Newport walimpa afisa wa forodha kitu kidogo, naye akageuza uso. Mwaka 1764 Grenville aliupunguza ushuru ule kwa nusu, ukawa peni 3. Punguzo zuri, si ndiyo? Ila safari hii alikusudia ukusanywe. Nahodha alitakiwa kubeba hati za kila kilichomo ndani ya meli, hata kama anatoka bandari moja kwenda nyingine ya jirani. Akikamatwa, kesi yake iliweza kupelekwa mahakama mpya ya mambo ya bahari iliyowekwa Halifax, mamia ya maili kaskazini. Huko hakukuwa na juri, yaani raia wa kawaida wanaoketi kuamua kesi. Hakimu aliyeteuliwa aliamua peke yake. Mwenye mali ndiye aliyepaswa kuthibitisha kwamba hana kosa, na hata akishinda, hakimu akisema tu kwamba afisa alikuwa na sababu ya kumshuku, hakulipwa fidia.

Kwa hiyo ushuru wa peni 3 unaokusanywa kwa namna hiyo ulikuwa mzito kuliko wa peni 6 usiokusanywa. Na utangulizi wa sheria hiyo ulisema waziwazi kwamba shabaha yake ni kupata mapato. Zamani Bunge la London lilitoza ushuru ili kuelekeza biashara ipite wapi, jambo ambalo makoloni yalikuwa yamelikubali kwa shingo upande. Kutoza ili kukusanya fedha kulikuwa jambo jingine, maana kazi hiyo ilikuwa ya mabaraza yao wenyewe waliyoyachagua. Samuel Adams, akiuandikia mkutano wa mji wa Boston mwaka huo, aliuliza: ikiwa biashara yetu inaweza kutozwa, nini kitazuia ardhi yetu na mazao yake yasitozwe?

Sheria ya Stempu ya 1765 unaifahamu, sitakaa nayo sana. Kila hati ya mahakama, kila leseni, kila gazeti lilipaswa kuchapwa au kuandikwa kwenye karatasi yenye mhuri wa serikali. Karata za kuchezea zililipiwa shilingi 1, dadu shilingi 10, shahada ya chuo pauni 2. Ukitafuta watu wenye midomo na kalamu katika nchi ile, walikuwa mawakili, wachapaji magazeti na wenye vilabu vya pombe, na Grenville aliwatoza wote siku moja. Tarehe 14 Agosti 1765 sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kuuza stempu Boston, ilionekana ikining'inia mtini. Akajiuzulu. Siku 12 baadaye kundi la watu liliivamia nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana, likaibomoa ndani, likaiba fedha na vyombo, likazitupa karatasi zake matopeni. Hutchinson huyo alikuwa mzaliwa wa Boston na, faraghani, alikuwa ameipinga sheria ile ile waliyomwadhibu kwa ajili yake. Ulikuwa uovu, na viongozi wengi wa upinzani walijitenga nao. Lakini kufikia Novemba, siku sheria ilipotakiwa kuanza, karibu koloni lote halikuwa na mtu aliyethubutu kuuza stempu, na hali ilikuwa hiyo hiyo kwa majirani.

Wajumbe wa makoloni 9 walikutana New York Oktoba 1765 na kusema kwamba hawawezi kutozwa na bunge ambalo hawakulichagua. London ilijibu kwamba kila mbunge huwakilisha raia wote wa mfalme, popote walipo. Mbona Manchester na Birmingham hazina wabunge na zinalipa? Hoja hiyo haikuwaridhisha Wamarekani, na kusema kweli hata Waingereza wa Manchester baadaye hawakuridhika nayo. Kilichoiua Sheria ya Stempu kilikuwa kususia bidhaa. Wafanyabiashara wa Uingereza, wakiona oda za Marekani zimekauka, walilibana Bunge lao wenyewe, na Machi 1766 sheria ikafutwa. Pamoja na kuifuta, Bunge lilipitisha tamko kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote bila kubakiza. Huku Marekani watu walipiga kengele na kuwasha mioto ya furaha, wachache wakalisoma tamko lile kwa makini.

Sasa tunafika kwenye kiini. Gavana wa Massachusetts aliteuliwa na mfalme, lakini mshahara wake ulipitishwa na baraza la koloni, mwaka hadi mwaka. Majaji vivyo hivyo. Hiyo ndiyo ilikuwa kamba mikononi mwa raia: gavana akizidi ukorofi, mshahara unachelewa. Wafalme kadhaa walijaribu kuikata kamba hiyo, wakashindwa. Mwaka 1767 Charles Townshend, waziri wa fedha, alipata njia. Aliweka ushuru kwenye vioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai, akitarajia pauni 40,000 kwa mwaka. Kwa himaya yenye deni la milioni 130 hicho ni kiasi kidogo mno, na hapo ndipo unapojua kwamba hakikukusudiwa kulipa deni. Sheria yenyewe ilitaja kazi ya fedha hizo: kugharimia mahakama na utawala wa kiraia katika makoloni. Maana yake magavana na majaji wangelipwa na London kutokana na ushuru unaotolewa na Wamarekani wenyewe, na mabaraza yao yasingekuwa na la kusema.

Zingatia hali ya majaji hasa. Tangu sheria ya mwaka 1701, jaji wa Uingereza alikaa kazini maadamu ana mwenendo mwema. Mfalme hakuweza kumwondoa kwa kuchukizwa na hukumu yake. Jaji wa makoloni alikaa kwa kadiri mfalme anavyopenda. Mtu ambaye mfalme anaweza kumfukuza wakati wowote, na sasa mshahara wake pia unatoka kwa mfalme, atamhukumu vipi mkulima anayegombana na afisa wa mfalme? Swali hilo halihitaji ghala la magendo ili likukere.

Wamarekani walisusia tena. Wanawake wa Boston na miji mingine walikusanyika na magurudumu yao kusokota nyuzi ili watu wavae nguo za nyumbani, wakachemsha majani ya porini badala ya chai ya dukani. Halmashauri mpya ya forodha iliyowekwa Boston ilizidiwa na ghasia ikaomba ulinzi, na tarehe 1 Oktoba 1768 askari walishuka gatini, wakapanga mistari na kuingia katika mji wenye wakazi wapatao 15,000 na wasio na adui yeyote. Mishahara yao ilikuwa midogo, wengi wakatafuta vibarua vya jioni mjini, wakagombea kazi na vijana wa hapo. Ugomvi ulioanzia kwenye karakana ya kusokota kamba ulikuja kulipuka usiku wa tarehe 5 Machi 1770, askari walipolifyatulia risasi kundi lililokuwa likiwarushia matusi na mapande ya barafu. Watu 5 walikufa, wa kwanza akiwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji asilia. John Adams, wakili aliyekuwa upande wa upinzani, alikubali kuwatetea askari wale mahakamani, na wengi wao waliachiwa huru na juri ya watu wa Massachusetts. Naliheshimu sana jambo hilo. Watu waliokuwa wakidai juri walionyesha kwamba walimaanisha.

Siku hiyo hiyo ya Machi 5, bila habari za Boston kuwa zimefika, Waziri Mkuu mpya, Lord North, alikuwa akiliomba Bunge lifute ushuru wa Townshend kwa bidhaa zote isipokuwa chai. Uamuzi wa kubakiza chai ulikuwa umepita katika baraza la mawaziri mwaka uliotangulia kwa kura 5 dhidi ya 4. Kura moja! Ushuru uliobaki ulikuwa peni 3 kwa ratili. Mgomo ukalegea, biashara ikarudi, na hapa ndipo hoja ya magendo inapopata shida: New York na Philadelphia zilikunywa karibu chai ya magendo tupu, ilhali Boston iliingiza chai nyingi halali iliyolipiwa ushuru. Mji uliokuja kuimwaga chai ndio uliokuwa ukiilipia.

Na fedha zile zilianza kufanya kazi iliyokusudiwa. Hutchinson, ambaye sasa alikuwa gavana, akaanza kulipwa na mfalme. Mwaka 1772 ikajulikana kwamba majaji wa mahakama kuu ya Massachusetts nao watalipwa hivyo. Habari hiyo, na wala si bei ya kitu chochote, ndiyo iliyouamsha mkutano wa mji wa Boston kuunda kamati ya mawasiliano Novemba 1772. Kamati iliandika waraka wa malalamiko na kuusambaza katika miji na vijiji vya koloni zima, na zaidi ya 100 vikajibu. Ukisoma majibu yale unakuta wakulima wanajadili mishahara ya majaji. Jaji Mkuu Peter Oliver alipokataa kuuacha mshahara wa mfalme, baraza la koloni lilimfungulia mashtaka Februari 1774, na raia wakakataa kuketi kwenye juri chini yake.

Katika hali hiyo ndipo chai ya bei nafuu ilipoingia. Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi ya Mashariki ilikuwa taabani. Madeni yalikuwa yameibana, na takriban ratili milioni 17 za chai zilikuwa zimelala kwenye maghala yake London. Zamani kampuni iliuza chai yake kwa mnada London, wafanyabiashara wa Uingereza wakanunua, wakawauzia wa Marekani, nao wakauza rejareja. Sheria ya Mei 1773 iliiruhusu kampuni kupeleka chai moja kwa moja kwa mawakala iliowachagua yenyewe, na kuirudishia ushuru uliolipwa Uingereza. Ndiyo maana bei ingeshuka. Ule wa peni 3 wa Marekani ulibaki. Mbunge William Dowdeswell alimwonya North pale pale bungeni kwamba asipouondoa, Wamarekani hawataipokea chai hiyo. North angeweza kuuondoa na kupata punguzo kubwa zaidi. Alikataa, akisema ana sababu za kisiasa. Peni 3 zile zilikuwa zikilipa mishahara.

Sasa jibu la swali lako liko wazi. Unafuu wa bei haukupunguza hatari, uliuongeza mtego. Chai ghali mtu angeiacha dukani bila kushawishiwa. Chai nafuu ingenunuliwa, na kila aliyeinunua angekuwa amekubali kwa mkono wake kwamba Bunge la London linaweza kumtoza, na angekuwa amechangia kumlipa jaji asiyewajibika kwake. Baada ya chai, bidhaa gani? Kampuni moja iliyopewa soko la chai leo ingeweza kupewa soko la nguo kesho. Wafanyabiashara wasiohusika na magendo kabisa waliliona hilo, maana wao pia waliondolewa njiani. Boston mawakala waliochaguliwa walikuwa pamoja na wana wawili wa gavana Hutchinson, na mtu hakuhitaji kuambiwa zaidi. John Dickinson wa Pennsylvania aliwakumbusha wasomaji wake kampuni ile ile ilikuwa imefanya nini Bengal, ambako njaa ya 1769 na 1770 ilikuwa imeua watu kwa mamilioni huku ukusanyaji wa kodi ukiendelea. Kampuni hiyo, alisema, sasa imeigeuzia macho Marekani.

Meli ya Dartmouth iliingia Boston tarehe 28 Novemba 1773, zikafuata Eleanor na Beaver. Kisheria, mzigo usiolipiwa ushuru kwa siku 20 ulikuwa utwaliwe na maafisa wa forodha, na ukishatwaliwa utauzwa na ushuru utapatikana. Miji mingine ilikwepa: Philadelphia nahodha aligeuza meli akarudi London na chai yake, Charleston chai ilishushwa ikafungiwa ghalani. Boston mawakala walikataa kujiuzulu, na Hutchinson alikataa kuziruhusu meli zitoke bila kulipa. Siku ya mwisho kabla ya muda kwisha, tarehe 16 Desemba, watu wapatao 5,000 walijaa ndani na nje ya jumba la ibada la Old South. Walimtuma Francis Rotch, kijana ambaye familia yake ilimiliki Dartmouth, aende kwa gavana aliyekuwa nyumbani kwake Milton kuomba kibali mara ya mwisho. Walimsubiri hadi giza likaingia na mishumaa ikawashwa. Alirudi na jibu: hapana.

Walioshuka gati ya Griffin usiku ule wamejipaka masizi na kujifanya Wamohawk, kabila la wenyeji asilia, walikuwa wengi wao maseremala, wahunzi, vijana wanaojifunza ufundi. Waliomba funguo na taa kwa wasimamizi wa meli, wakayapandisha makasha kwa kamba na kapi, wakayapasua kwa mashoka na kuyamwaga majini. Makasha 342, zaidi ya ratili 92,000, thamani yake pauni 9,659. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo chai ilirundikana kando ya meli hadi vijana wakalazimika kuitapanya kwa mikono. Aliyejaribu kuficha chai kwenye bitana ya koti alikamatwa na kuvuliwa. Kufuli moja lililovunjwa lilikuwa mali ya nahodha, wakamletea jingine. Ndani ya saa 3 hivi kazi ilikwisha, hakuna kingine kilichoguswa.

Umetaja kupaka biashara rangi ya uhuru. Kama unatafuta shutuma inayowagusa kweli, achana na magendo, tazama utumwa. Dartmouth ile ile ilikuwa imeleta nakala za kitabu cha mashairi cha Phillis Wheatley, mwanamke aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kuuzwa Boston mwaka 1761. Mwezi Januari 1773 watumwa wa Massachusetts walikuwa wameliandikia baraza la koloni kuomba msaada, na Aprili wanne wao wakaandika tena kwa majina yao, wakiwakumbusha wajumbe kwamba wanatarajia mambo makubwa kutoka kwa watu waliosimama imara dhidi ya wale wanaotaka kuwafanya watumwa. Waliomba hata siku moja tu kwa juma ya kufanya kazi kwa faida yao. Hawakupewa. Neno utumwa lilikuwa midomoni mwa kila msemaji wa Boston, na wenyewe watumwa walikuwa wakisikiliza. Sioni kwamba jambo hili linaifuta hoja yao kuhusu kodi na majaji, lakini sikubali liachwe nje ya kisa.

London ilijibu kwa hasira. Mwaka 1774 bandari ya Boston ilifungwa kuanzia 1 Juni mpaka chai ilipwe. Vyakula vikaanza kumiminika kutoka makoloni mengine: kondoo kutoka Connecticut, mchele kutoka South Carolina. Makao ya serikali yalihamishiwa Salem, na wafanyabiashara wa mji huo walimwandikia gavana mpya, Jenerali Thomas Gage, kwamba hawataki kutajirika kwa maangamizi ya jirani zao. (Salem hiyo ndiyo ambayo meli zake, miaka 50 na zaidi baadaye, zilikuja Unguja kutafuta pembe na sandarusi na kuleta kitambaa cha merikani, mkataba kati ya Seyyid Said na Marekani ni wa 1833.)

Lakini kufunga bandari kuliwaumiza watu wa pwani. Sheria iliyowachoma wa bara ilikuwa nyingine, ile iliyobadilisha katiba ya Massachusetts. Baraza la juu sasa lingeteuliwa na mfalme badala ya kuchaguliwa. Gavana angeteua na kufukuza majaji wa chini na wakuu wa polisi wa wilaya, na hao ndio wangechagua wa kuketi kwenye juri. Mkutano wa mji, ambao kila kijiji kiliutumia kuamua mambo ya barabara na shule zake, uliruhusiwa mara moja tu kwa mwaka bila kibali cha gavana. Mishahara, majaji, juri: yote waliyoyaandikia barua tangu 1772 yalikuwa yametimia katika karatasi moja.

Tarehe 6 Septemba 1774 mahakama ya Worcester ilipaswa kufunguliwa. Wanaume zaidi ya 4,600 kutoka miji 37 walifika, wakajipanga mistari miwili barabara nzima, kila kikosi na mji wake. Majaji na maafisa wa mahakama, wamejifungia kwenye nyumba ya wageni, walitolewa wakapitishwa katikati ya mistari ile wakiwa na kofia mkononi. Kila hatua kadhaa walisimama na kusoma kwa sauti kwamba hawatafanya kazi chini ya sheria mpya, kisha wakasonga mbele na kusoma tena, mara zaidi ya 30, ili kila kikosi kisikie. Hakuna aliyepigwa risasi. Jioni ile utawala wa mfalme katika wilaya ya Worcester ulikuwa umekwisha, miezi saba kabla ya risasi za Lexington zilizoanzisha vita. Hao ndio watu ambao hadithi ya magendo haiwezi kuwaeleza. Wengi wao hawakuwahi kumiliki hata mtumbwi.

Wakati huo huo wajumbe wa makoloni 12 walikuwa wakikutana Philadelphia katika mkutano ulioitwa Kongresi. Walikubaliana kususia bidhaa zote za Uingereza kuanzia 1 Desemba 1774 na, la muhimu kuliko yote, kila mji na wilaya kuchagua kamati ya kusimamia mgomo huo. Kamati hizo zilikagua meli, zikatangaza majina ya wakaidi magazetini, zikawatesa baadhi ya majirani waliobaki watiifu kwa mfalme, na taratibu zikawa serikali zenyewe.

Lord North alijaribu kurudi nyuma. Februari 1775 alipendekeza kwamba koloni litakalochangia ulinzi kwa njia yake lenyewe halitatozwa na Bunge. Pendekezo lilipovuka bahari damu ilikuwa imeshamwagika Lexington na Concord, tarehe 19 Aprili. Mwaka 1778, baada ya jeshi zima la Waingereza kusalimu amri Saratoga, Bunge lilipitisha sheria ya kuufuta ushuru wa chai na kutamka kwamba halitayatoza tena makoloni kwa ajili ya mapato. Wajumbe walioipeleka habari hiyo Marekani walikuta mkataba wa muungano na Ufaransa umekwisha kuidhinishwa, na Kongresi ikakataa kuzungumza nao mpaka Uingereza iutambue uhuru au iondoe majeshi yake.